Umeme Safi kwa Jengo Jipya: Tununue Kiasi Gani, na Lini?

Siku hizi si ajabu kuingia kwenye jengo jipya la kisasa na kukuta ukutani kibao kinachosema kwamba jengo hilo linatumia umeme safi kwa asilimia 100. Ukitoka nje na kutazama paa, huoni hata paneli moja ya sola. Ukizifuata nyaya, unakuta zinatoka kwenye nguzo ileile inayompelekea jirani umeme, na umeme huo umezalishwa kwa gesi, makaa ya mawe, maji na upepo kwa pamoja. Je, kibao kile kinasema kweli?

Jibu ni kwamba kinaweza kuwa kinasema kweli, na kinaweza kuwa kinapotosha. Hutegemea maswali mawili ambayo mwenye jengo alipaswa kuyajibu kabla ya kutoa fedha: alinunua umeme safi kiasi gani, na aliununua wa wakati gani. Katika makala hii tunaeleza jinsi maswali hayo yanavyojibiwa. Tutachukua mfano wa Marekani, ambako utaratibu wa kununua nishati jadidifu kwa ajili ya majengo umekuwepo kwa miaka mingi na kanuni zake ziko wazi. Kisha tutaangalia jambo hili linatuhusu vipi sisi tunaojenga makanisa, mabweni, shule na zahanati kwa michango ya waamini.

Jengo la kijani hupimwaje?

Jengo la kijani ni jengo lililosanifiwa na kujengwa ili litumie nishati, maji na vifaa kwa kiasi, na liwape wakaaji wake hewa safi na mwanga wa kutosha. Kwa kuwa kila mwenye jengo anaweza kujisifu, ilihitajika mizani. Huko Marekani mizani inayojulikana zaidi inaitwa LEED, na inasimamiwa na U.S. Green Building Council, shirika lisilo la serikali lililoanzishwa mwaka 1993.

LEED hufanya kazi kama mtihani. Jengo hupewa alama kwa mambo mbalimbali: eneo lilipojengwa, matumizi ya maji, matumizi ya nishati, vifaa vya ujenzi, hewa ya ndani. Alama zote zinazowezekana ni 110. Jengo likifikisha 40 linapata cheti, 50 linapata daraja la fedha, 60 dhahabu, na 80 platinamu. Baadhi ya alama hizo hutolewa kwa jengo linalonunua nishati jadidifu, hata kama halina mtambo wake. Ni alama chache, lakini zinagombaniwa sana, kwa sababu zinaweza kupatikana kwa kusaini mkataba bila kubomoa ukuta wala kubadilisha dirisha. Urahisi huo ndio unaofanya maswali yetu mawili yawe na uzito.

Umeme hauna jina

Ili tuelewe kinachonunuliwa, tufikirie chama cha ushirika cha wafugaji. Kila asubuhi wafugaji hamsini huleta maziwa na kuyamimina katika tangi moja. Baadhi yao wanalisha ng'ombe majani tu, wengine wanatumia vyakula vya dukani. Yakishamiminwa, hakuna awezaye kuyatenganisha. Mteja anayetaka maziwa ya ng'ombe wa majani hawezi kuyachota peke yake. Lakini chama kinaweza kuweka daftari: lita ngapi za aina hiyo ziliingia, na nani alilipia zile. Mteja atakunywa maziwa yaliyochanganyika kama wenzake, ila fedha yake imeandikwa kwa jina la mfugaji aliyemkusudia, na lita hizo haziwezi kuuzwa tena kwa mtu mwingine.

Gridi ya umeme ni tangi la namna hiyo. Umeme wa upepo na umeme wa makaa ya mawe ukishaingia kwenye waya mmoja, haupambanuliki tena. Kwa hiyo kila mtambo wa nishati jadidifu unapozalisha megawati-saa moja, yaani yuniti 1,000 kama tunavyozijua kwenye mita zetu, hutengenezewa pia cheti kimoja. Cheti hicho huonyesha ulikozalishwa umeme ule, kwa chanzo gani, na lini. Umeme wenyewe huuzwa kwenye gridi kama umeme wa kawaida. Cheti huuzwa peke yake kwa anayetaka kudai kwamba ametumia umeme safi. Akishakitumia, kinafutwa kwenye daftari ili kisiuzwe mara ya pili. Pasipo kufutwa, watu wawili wangejisifu kwa upepo mmoja.

Kuna taasisi zinazokagua vyeti hivi. Mpango unaotajwa na LEED ni Green-e, unaoendeshwa na Center for Resource Solutions ya San Francisco. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba cheti kinatokana na mtambo halisi, na kwamba hakikuuzwa mara mbili.

Swali la kwanza: kiasi gani?

Tatizo la jengo jipya ni kwamba halina bili. Jengo la zamani lina karatasi za miezi kumi na miwili, unazijumlisha na kupata jibu. Jengo ambalo bado ni msingi na nondo halina mita ya kusomwa, na hata hivyo mkataba wa umeme safi unataka tarakimu. Kwa hiyo lazima kukadiria, na kuna njia mbili zinazokubalika.

Njia ya kwanza ni kutumia programu ya kompyuta inayoliiga jengo kabla halijajengwa. Mhandisi huingiza ukubwa wa madirisha, unene wa kuta, idadi ya taa, viyoyozi, saa za kazi na hali ya hewa ya mahali, na programu hukokotoa matumizi ya mwaka mzima. Majengo mengi yanayotafuta cheti cha LEED tayari huandaa hesabu hiyo kwa ajili ya alama za kubana matumizi, kwa hiyo tarakimu ileile inatumika tena.

Njia ya pili ni ya wastani. Idara ya Nishati ya Marekani ina utafiti uitwao CBECS, unaochunguza majengo ya biashara na huduma yanatumia nishati kiasi gani kulingana na aina na ukubwa wake: ofisi, shule, hospitali, nyumba za ibada na kadhalika. Toleo la LEED la mwaka 2009 liliruhusu mradi usio na hesabu ya kompyuta utumie wastani huo: unachukua eneo la sakafu, unazidisha kwa wastani wa jengo la aina yake, unapata makadirio.

Tuchukue mfano wa namba rahisi. Jengo lina mita za mraba 2,000, na makadirio ni yuniti 100 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Matumizi ya mwaka ni yuniti 200,000, sawa na megawati-saa 200. Chini ya toleo la 2009, mradi ulitakiwa uwe na mkataba wa angalau miaka 2 unaogusa angalau asilimia 35 ya umeme wake. Asilimia 35 ya 200 ni 70. Kwa miaka 2 ni vyeti 140. Toleo la nne, lililotoka mwaka 2013, liliongeza masharti: mkataba uwe wa angalau miaka 5, na ununuzi ufikie asilimia 50 kwa alama moja au asilimia 100 kwa alama mbili. Kwa jengo letu, asilimia 50 kwa miaka 5 ni vyeti 500. Asilimia 100 ni vyeti 1,000. Jengo ni lilelile, lakini ahadi imekua kutoka vyeti 140 hadi 1,000.

Toleo la nne lilibadili pia kinachohesabiwa. Linaangalia nishati yote ya jengo, si umeme peke yake. Jengo linalopasha maji kwa gesi lina moshi ambao cheti cha umeme hakiwezi kuufuta. Cheti cha upepo kinajibu matumizi ya umeme tu. Gesi inahitaji njia nyingine ya fidia. Anayejumlisha vyote na kununua vyeti vya umeme pekee amekosea hesabu tangu mwanzo.

Makosa ya makadirio yanajirudia sana. Tunayataja yale yanayoonekana mara nyingi.

Kwanza ni kuchanganya vipimo. Kilowati ni nguvu, kama kasi ya maji yanavyotoka bombani. Kilowati-saa, ambayo ndiyo yuniti ya mita, ni kiasi, kama idadi ya ndoo zilizojaa. Megawati-saa ni ndoo elfu moja za aina hiyo. Mtu akisoma tarakimu ya yuniti akadhani ni megawati-saa, ataagiza vyeti mara elfu moja ya vinavyohitajika.

Pili ni kusahau vifaa vinavyoletwa na wakaaji. Msanifu huhesabu taa na viyoyozi, lakini majokofu, kompyuta, pasi, pampu ya maji na taa za uani huja baadaye na zote hula umeme.

Tatu ni kudhani kwamba watu wataishi kama kompyuta ilivyopanga. Programu huzima taa saa kumi na mbili jioni, binadamu husahau.

Makadirio yakiwa madogo mno, kibao cha ukutani kinakuwa si cha kweli kuanzia bili ya kwanza. Yakiwa makubwa mno, fedha iliyoweza kununua madirisha bora imekwenda kwenye karatasi. Njia ya busara ni kuyachukulia makadirio kama makadirio: kuanza nayo, kisha baada ya mwaka wa kwanza kuyalinganisha na mita, na kurekebisha kiasi cha miaka inayofuata. Mkataba mzuri huacha nafasi ya marekebisho hayo.

Tena kuna utaratibu usiopaswa kupinduliwa: kwanza punguza matumizi, pili zalisha mwenyewe unachoweza, tatu nunua kinachobaki. Anayeanza na ununuzi analipia upotevu wake kila mwaka.

Swali la pili: lini?

Wahenga walituachia methali mbili zinazovutana. Moja inasema haraka haraka haina baraka. Nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika ununuzi huu zote mbili ni za kweli.

Tuanze na haraka. Tunasema akiba haiozi, lakini cheti cha nishati kina umri. Kwa kanuni za Green-e, cheti kinachouzwa katika mwaka fulani lazima kiwe kimetokana na umeme uliozalishwa ndani ya mwaka huohuo, au miezi 6 ya mwisho ya mwaka uliotangulia, au miezi 3 ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Ni dirisha la miezi 21. Kwa ununuzi wa mwaka 2025, umeme uwe umezalishwa kati ya Julai 2024 na Machi 2026. Maana yake ni kwamba huwezi kurundika vyeti vya bei nafuu leo ukavitunza kabatini kwa ajili ya jengo litakalofunguliwa baada ya miaka minne. LEED nayo, katika toleo la nne, inataka nishati ile iletwe angalau mara moja kila mwaka katika muda wa mkataba. Mtu hawezi kumeza miaka mitano kwa siku moja.

Sababu yake ni rahisi. Cheti kinalingana na umeme unaotumika. Jengo likiwa bado ni matofali, hakuna umeme wa kuoanisha nacho isipokuwa ule wa mashine za kuchanganya zege. Na ujenzi, kama tunavyojua sote, huchelewa. Mradi uliopangiwa miezi 18 unafika miezi 30. Aliyeanzisha mkataba wa miaka 2 siku ya kuchimba msingi atakuta umekwisha kabla mkaaji wa kwanza hajawasha taa.

Sasa tuangalie kungoja. Wengine huacha jambo hili hadi siku za kukabidhi jengo. Wakati huo saruji imepanda bei, fungu la dharura limekwisha, na mkandarasi anadai malipo ya mwisho. Umeme safi, ambao haukuwekwa kwenye bajeti, unakuwa kitu cha kwanza kukatwa. Tena wakaguzi wa LEED hawaridhiki na nia njema. Wanataka kuuona mkataba wenyewe au barua ya ahadi yenye kiasi na muda. Bila karatasi hiyo alama zinapotea, na pengine daraja zima linapotea kwa upungufu wa alama mbili.

Bei nayo hainyamazi. Kwa miaka mingi cheti cha kawaida kwenye soko la hiari la Marekani kiliuzwa kwa takriban dola moja kwa megawati-saa. Mwaka 2021 bei ilipanda mara kadhaa. Aliyekuwa na mkataba wenye bei iliyofungwa hakuguswa. Aliyekuwa akingoja alilazimika kutafuta fedha ambazo hakuzipanga.

Kwa hiyo njia ya kati inagawa kazi katika hatua. Wakati wa usanifu, fanya makadirio na uweke fungu kwenye bajeti. Wakati wa ujenzi, omba bei kwa wauzaji zaidi ya mmoja na ujadiliane nao. Jengo linapokaribia kukamilika, saini mkataba, ukiweka sharti kwamba hesabu inaanza siku jengo linapoanza kutumika, si siku ya kusaini. Baada ya mwaka mmoja, soma mita na urekebishe.

Mchana na usiku

Swali la lini lina upande mwingine, na ndio unaojadiliwa zaidi sasa. Vyeti huhesabiwa kwa mwaka. Jengo linaweza kununua vyeti vya sola, ambavyo vyote vilizalishwa mchana, na kuvitumia kufidia taa zinazowaka usiku wa manane. Kwa hesabu ya mwaka vitabu vinalingana. Lakini usiku ule, aliyewasha taa ile kwa kweli ni mtambo wa gesi au wa makaa ya mawe.

Kampuni ya Google ni mfano mzuri. Kwa mwaka 2017 ilinunua nishati jadidifu inayolingana na matumizi yake yote ya umeme ya mwaka huo. Mwaka 2020 ikajiwekea lengo gumu zaidi: ifikapo 2030, kila saa ya mchana na usiku, katika kila gridi inakofanya kazi, itumie umeme usio na hewa ya ukaa. Mabadiliko hayo ni ungamo la wazi kwamba hesabu ya mwaka peke yake haitoshi.

Karatasi na mtambo

Hapa tunafika kwenye kiini. Rudi kwenye jengo letu la vyeti 1,000. Kwa bei ya dola moja, asilimia 100 ya umeme safi kwa miaka 5 iligharimu dola 1,000, yaani dola 200 kwa mwaka. Jengo hilohilo, likilipa umeme wake kwa senti 12 za dola kwa yuniti, lina bili ya dola 24,000 kwa mwaka. Sifa ya usafi imepatikana kwa chini ya asilimia moja ya bili. Mtu yeyote mwenye akili ya kawaida atauliza: dola 200 zinaweza kumshawishi nani kujenga mtambo mpya wa upepo?

Swali hilo limeulizwa pia na wanasayansi. Mwaka 2022 jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti ulioonya kwamba makampuni yanayotegemea vyeti hivi yanaweza kuonekana yamepunguza hewa ya ukaa kwenye vitabu kuliko yalivyopunguza angani. LEED yenyewe ilijaribu kuziba pengo hilo: toleo la nne lilikataa mitambo iliyoanza kazi kabla ya Januari 1, 2005, ili fedha isiende kwa bwawa la tangu enzi za mababu ambalo lingezalisha umeme hata bila mnunuzi.

Baba Mtakatifu Fransisko naye aligusa jambo la jirani na hili katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015. Katika namba 171 anaonya juu ya biashara ya kununua na kuuza haki za hewa ya ukaa: inaweza kugeuka ulanguzi wa aina mpya, na kuwa njia ya kuendeleza matumizi ya kupindukia ya baadhi ya nchi na sekta huku ikionekana kama suluhisho. Vyeti vya nishati jadidifu si kitu kilekile, kwa maana vinatokana na umeme uliozalishwa kweli. Lakini onyo linavihusu pale vinapotumika kama kitambaa cha kufunikia.

Hatusemi kwamba cheti ni uongo. Kikikadiriwa vizuri, kikawa cha mtambo mpya, kikaoanishwa na wakati wa matumizi, na kikanunuliwa baada ya kupunguza matumizi, ni msaada wa kweli, hasa kwa jengo la mjini lisilo na paa la kutosha. Kilichopungukiwa na hayo kimebaki karatasi.

Jambo hili kwetu

Je, sisi tufanye nini? Kwa sehemu kubwa gridi zetu za Afrika Mashariki zinategemea vyanzo jadidifu. Tanzania ina bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115. Kenya ina mvuke wa Olkaria na upepo wa Ziwa Turkana wa megawati 310. Kwa parokia nyingi, kwa hiyo, hatua ya maana si kununua vyeti bali ni kununua paneli na betri zake. Chuo Kikuu cha Strathmore cha Nairobi kiliweka juu ya mapaa yake mtambo wa sola wa kilowati 600 mwaka 2014. Vatikano iliezeka paa la Ukumbi wa Paulo VI kwa zaidi ya paneli 2,000 mwaka 2008. Na katika barua yake Fratello sole ya Juni 2024, Papa Fransisko aliagiza ujengwe mtambo wa sola huko Santa Maria di Galeria, nje ya Roma. Makubaliano kati ya Vatikano na Italia yalisainiwa Julai 31, 2025. Makadirio na makubaliano yametangulia paneli, kama inavyopasa.

Paneli nazo zinauliza maswali yaleyale mawili. Kiasi gani? Tuseme bweni linatumia yuniti 30 kwa siku. Jua la sehemu nyingi za kwetu ni sawa na saa 5 za jua kali kwa siku, na karibu robo ya umeme hupotea kwa joto, vumbi, nyaya na inveta. Gawanya 30 kwa 5, unapata 6. Ongeza fidia ya robo inayopotea kwa kugawanya 6 kwa 0.75, unapata kilowati 8. Kwa paneli za wati 550, ni paneli 15. Lakini matumizi yakiwa zaidi usiku, wakati wa masomo ya jioni, swali kubwa linakuwa betri. Na wakati wa masika, au katika miezi ya mawingu kwenye miinuko ya Kilimanjaro na Mbeya, zile saa 5 hazifiki. Makadirio yapimwe kwa mwezi mbaya, si kwa mwezi mzuri.

Lini? Yapo mambo ya kufanya mapema kabisa, ambayo hayagharimu kitu kikubwa: kuamua mwelekeo wa paa, kuhakikisha kenchi zinabeba uzito, kupitisha paipu za nyaya kabla ya plasta, na kutenga chumba chenye hewa kwa ajili ya inveta na betri. Kwa sisi tulio kusini mwa ikweta, upande wa paa unaotazama kaskazini ndio unaofaa zaidi. Paa likishaezekwa vibaya, kulirekebisha ni gharama ya pili.

Vifaa vyenyewe visinunuliwe mapema. Kamati ikipata mfadhili hufurahi na kuagiza paneli wakati kuta ziko kwenye linta. Matokeo yake ni kwamba dhamana ya muuzaji inaanza kuhesabika vitu vikiwa stoo, betri za asidi zinaharibika kwa kukaa bila kuchajiwa, na wezi wanapata taarifa. Fedha ya mfadhili iwekwe kwenye akaunti yake, vifaa vinunuliwe jengo likiwa limeezekwa na lina mlango unaofungwa.

Kabla ya kusaini

Iwe ni cheti Chicago au ni paneli Songea, kamati ya ujenzi ijiulize maswali haya kabla ya kusaini.

1. Je, tumepunguza kwanza matumizi kwa madirisha, taa na vifaa vinavyobana umeme?

2. Tarakimu ya makadirio imetoka wapi, na vipimo vyake ni kilowati, yuniti au megawati-saa?

3. Tumehesabu vifaa vyote, pamoja na pampu, jikoni na taa za nje?

4. Mkataba au dhamana inaanza lini, na jengo litaanza kutumika lini kwa hali halisi, si kwa matumaini ya mkandarasi?

5. Nani atasoma mita baada ya mwaka mmoja, na ataripoti kwa nani?

Swali la tano ndilo linalosahauliwa mara nyingi zaidi, nalo ndilo linalolinda heshima ya yote manne. Waliochanga kwa bahasha, kwa kuku na kwa debe la mahindi wana haki ya kuambiwa kilichokadiriwa na kilichopatikana. Kabla ya kubandika kibao ukutani, tubandike kwanza kwenye ubao wa matangazo karatasi yenye tarakimu mbili: tulizokadiria, na zile mita ilizosoma. Zikikaribiana, kibao kitakuwa kimepata haki ya kusimama pale.